Wasomaji Wanauliza: Bima ya Matibabu kwa Abiria wa Meli za Kitalii

Mwezi huu tumepokea barua kadhaa kutoka Tanga zinazohusu jambo moja, nalo ni bima ya matibabu na ya safari kwa abiria wa meli za kitalii. Tanga ni mji wa bandari wenye vijana walioajiriwa katika meli hizo na wenye jamaa walio Oman na Ulaya, kwa hiyo mwaliko wa safari ya aina hii siku hizi huweza kumfikia hata mzazi aliyestaafu ambaye baharini hajawahi kwenda mbali zaidi ya Pemba. Tumechagua barua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kosa ambalo familia zetu hulifanya kwa nia njema kabisa.

*Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Chumbageni. Kijana wetu ni mhudumu wa chakula katika meli ya kitalii inayofanya safari zake katika Bahari ya Mediterania, na mwajiri wake amempa nafasi ya kutualika mimi na baba yake kwa nauli ya punguzo. Tutasafiri kwa ndege kutoka Dar es Salaam hadi Roma, tutapanda meli katika bandari ya Civitavecchia, tutapita Ugiriki na Uturuki, kisha tutarudi Italia. Nina umri wa miaka 66. Mume wangu ana miaka 71, ana kisukari na shinikizo la damu, na huhudhuria kliniki Bombo kila mwezi. Sote tuna kadi za NHIF. Wakala aliyetusaidia mambo ya viza ametukatia bima ya safari, na nakala ya cheti naiambatisha. Kijana anasema kwamba hata tukiugua, meli ina daktari, na yeye mwenyewe ana bima ya kazini. Je, tumekamilika?*
— Mwalimu mstaafu, Chumbageni

Shikamoo, Mwalimu. Tunakushukuru kwa kutuletea nakala ya cheti chenyewe, kwani barua nyingi za aina hii hutufikia bila hati, na bila hati mtu hujibu kwa kukisia. Hamjakamilika bado. Cheti mlicho nacho huenda kikatosha kuombea viza, lakini hakitoshi kumpandisha melini mzee wa miaka 71 mwenye kisukari. Tuanze na yale aliyowaambia kijana.

Ni kweli kwamba meli ina daktari. Meli kubwa za kitalii huwa na zahanati yenye daktari na wauguzi wanaopatikana usiku na mchana, na ndani yake huwa mna maabara ndogo, kipimo cha moyo, mashine ya kuushtua moyo uliosimama na dawa za dharura. Hata hivyo, zahanati hiyo si hospitali. Kwa kawaida haina chumba cha upasuaji wala hifadhi ya damu, na kazi yake hasa ni kumtuliza mgonjwa mpaka afikishwe nchi kavu penye hospitali. Wala huduma yake si ya bure. Kumwona daktari, sindano, dripu, kipimo cha sukari na kila saa ya kulazwa hutozwa, na deni huandikwa kwenye akaunti ya chumba chenu, ile ile inayoandikiwa soda na zawadi za dukani, nalo hulipwa kabla ya kushuka. Zahanati za meli kwa kawaida hazidai moja kwa moja kwa kampuni ya bima ya abiria. Abiria hulipa kwanza, kisha hudai kurudishiwa. Kwa hiyo kabla hamjaondoka nendeni benki mkaulize kama kadi yenu inakubalika nje ya nchi, na kwa siku moja inaruhusu kiasi gani.

Bima ya kijana haiwahusu. Yeye kama baharia analindwa na Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, ambao unamtaka mwenye meli agharamie matibabu ya baharia anayeugua au kuumia akiwa katika ajira, na ambao hauruhusu wajibu huo kuwekewa ukomo ulio chini ya wiki 16. Hiyo ni haki ya mfanyakazi. Wazazi wake wakikanyaga meli hiyo ni abiria kama abiria wengine, hata kama nauli yao ni ya punguzo na hata kama mtoto wao ndiye anayewaletea chai. Kuhusu kadi za NHIF, hizo hutumika katika vituo vilivyosajiliwa na Mfuko hapa nchini. Zitunzeni kwa ajili ya siku mtakaporudi, lakini msizihesabu katika mipango ya safari.

Sasa tukisome cheti. Tunaomba mkiweke mezani mbele yenu, kwa sababu mambo yote matatu yanayotutia wasiwasi yameandikwa humo waziwazi. Ukurasa wa kwanza unasema kikomo cha matibabu ni euro 30,000. Chini yake pameandikwa kwamba eneo la bima ni nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Na katika masharti ya ukurasa wa pili, kwa zile herufi ndogo, pameandikwa kwamba bima hailipii ugonjwa wowote ambao mteja alikuwa nao kabla ya tarehe ya kuanza kwa bima, na kwamba mtu aliyetimiza miaka 70 hahusiki na sehemu ya kuhamishwa mgonjwa. Maana yake ni kwamba mume wako ana karatasi yenye jina lake, lakini kwa yale yanayoweza kumpata, karatasi hiyo haina kitu.

Euro 30,000 si kiasi kilichopatikana kwa kupima mahitaji yenu. Ni kiwango cha chini kilichowekwa na kanuni ya viza ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009, na wakala hukata kiwango hicho kwa kuwa ndicho ubalozi unachokagua. Kwa mtu anayelala hotelini Roma na aliye karibu na hospitali ya umma, huenda kikatosha. Ninyi mtalala juu ya maji.

Suala la eneo ni zito zaidi. Italia na Ugiriki zimo katika Schengen; Uturuki haimo. Siku meli itakapotia nanga Uturuki nanyi mkashuka kuzunguka mjini, mtakuwa nje kabisa ya eneo lililoandikwa kwenye cheti, na mzee akiteleza kwenye ngazi za mawe za mji wa kale akavunjika nyonga, kampuni itakuwa na haki ya kuwaambia kwamba jambo hilo haliihusu. Hata mkiwa katikati ya bahari kuna mashaka, kwa sababu kampuni nyingi huihesabu safari ya meli ya kitalii kuwa jambo la pekee linalohitaji kuongezwa kwenye mkataba kwa ada yake. Andikieni kampuni ya bima mkitaja bandari zote za safari yenu kwa majina, na mtake jibu la maandishi kwamba bima inafanya kazi katika bandari hizo na ndani ya meli, tangu mnapotoka nyumbani Chumbageni mpaka mnaporudi, kwani njiani kwenda uwanja wa ndege pia mtu huumia. Tungependa kuongeza hapa neno moja lililo nje kidogo ya bima: kwa kuwa mtatoka Schengen kwenda Uturuki kisha mtaingia tena Italia, hakikisheni viza zenu ni za kuingia zaidi ya mara moja. Bima hailipii safari iliyoharibika kwa sababu abiria hakuwa na hati sahihi.

Tukiulizwa ni kipengele kipi tungekipigania kuliko vyote, tungetaja cha kumhamisha mgonjwa. Mtu akiugua sana melini, nahodha na daktari wa meli hutafuta ushauri kwa redio au simu ya setilaiti. Mjini Roma kipo kituo kinachoitwa CIRM ambacho tangu mwaka 1935 kimekuwa kikitoa ushauri wa kitabibu kwa meli zilizo baharini bila malipo. Baada ya ushauri, nahodha huamua kama meli iendelee na safari, igeuze kwenda bandari ya karibu, au iombe helikopta, ambayo nayo huweza kufika tu ikiwa meli haiko mbali sana na pwani. Katika nchi nyingi kazi ya uokoaji inayofanywa na walinzi wa pwani haidaiwi kwa mgonjwa. Gharama huanzia pale anapopokelewa. Hospitali binafsi ya kisiwani huweza kutaka amana kabla ya kumlaza. Akihitaji kuhamishiwa mji mkubwa, gari au ndege ya wagonjwa hulipiwa. Na daktari akisema asafiri kurudi nyumbani akiwa amelala na muuguzi pembeni yake, ndege ya kawaida italazimika kumwekea viti kadhaa, au itakodiwa ndege ya wagonjwa, ambayo kwa umbali wa kutoka Ulaya hadi Afrika Mashariki hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na wakati mwingine hupita dola 100,000.

Wakati huohuo meli haisubiri. Itaondoka jioni ile ile, na kijana wenu atakuwa ndani yake kwa sababu yuko kazini. Wewe, Mwalimu, utabaki peke yako kwenye kisiwa ambacho huijui lugha yake, ukihitaji chumba cha kulala, chakula, tiketi mpya ya ndege na mtu wa kuzungumza na madaktari. Kwa hiyo mkataba mzuri hutaja pia gharama za mwenzi anayebaki na mgonjwa, na huwa na namba ya simu ya msaada inayopokelewa saa 24. Namba hiyo iandikeni kwenye karatasi na kila mmoja awe nayo, maana simu huisha chaji. Pigeni simu mapema, kabla ya kukubali tiba kubwa kila inapowezekana, kwa sababu mikataba mingi humtaka mteja aombe idhini kwanza.

Kwa umri wenu na kwa hali ya mzee, sisi tungeshauri kikomo cha matibabu kisichopungua dola 100,000, na kwa kumhamisha mgonjwa dola 250,000 zilizotajwa peke yake, zisizomegwa kutoka kwenye fungu la matibabu. Angalieni pia kiasi ambacho mteja hukibeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa; ada ikiwa ndogo mno, mara nyingi ni kwa sababu kiasi hicho ni kikubwa.

Kisukari na shinikizo la damu vitajwe. Tunajua hofu iliyopo: watu huambiana kwamba ukitaja ugonjwa utakataliwa au ada itapanda. Ada itapanda, ni kweli. Lakini mkataba wa bima husimama juu ya wajibu wa mteja kueleza kila jambo linaloweza kuathiri uamuzi wa kampuni, na jambo lililofichwa hujulikana kirahisi mno, kwa sababu daktari wa kwanza atakayempokea mzee atamuuliza anatumia dawa gani, atayaandika majibu, na karatasi hiyo ndiyo itakayokwenda kwa kampuni ya bima. Tajeni dawa zote, tarehe ambayo vipimo vya dawa vilibadilishwa mara ya mwisho, na kila mara alipolazwa. Kampuni nyingi zinazokubali magonjwa ya namna hii hutaka hali ya mgonjwa iwe imetulia kwa miezi kadhaa kabla ya safari, kwa hiyo ni vema kumwomba daktari wa kliniki aeleze hilo kwa barua. Ikiwa kampuni mliyo nayo haipokei umri wa mzee, tafuteni dalali wa bima aliyesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA. Wakala huuza bidhaa za kampuni kwa niaba ya kampuni hiyo. Dalali humfanyia kazi mteja, na anaweza kuzunguka kwenye kampuni kadhaa akitafuta iliyo tayari.

Insulini, ikiwa mzee anaitumia, isiwekwe kwenye begi kubwa linalopita chini ya ndege. Ichukuliwe mkononi, ikiwa ya kutosha kwa safari nzima na akiba juu yake, pamoja na barua ya Kiingereza kutoka Bombo yenye majina halisi ya dawa badala ya majina ya kibiashara. Na kama mmoja wenu atapata homa katika wiki za mwanzo tangu kutoka Tanga, mwambieni daktari wa meli bila kungoja aulize kwamba mmetoka kwenye eneo la malaria na kwamba mnataka kupimwa. Daktari aliyezoea kutibu mafua na kichefuchefu cha bahari anaweza kuchelewa kuifikiria malaria, na kwa mtu wa miaka 71 kuchelewa huko ni hatari.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza, nasi tunalitaja kwa heshima. Someni sehemu ya mkataba inayohusu kifo. Meli kubwa huwa na mahali pa kuhifadhia maiti mpaka bandari inayofaa, na baada ya hapo ni taratibu za nchi husika, ubalozi na shirika la ndege, ambazo kwa kawaida huchukua siku kadhaa na fedha nyingi. Mikataba mingi hulipia ama kusafirisha maiti kurudi nyumbani, ama mazishi huko huko kwa kiasi kilichowekewa kikomo. Zungumzeni nyumbani mngependa lipi, hasa kama familia inataka maziko yasicheleweshwe, mwambieni kijana, na mhakikishe mkataba unaruhusu uamuzi wenu.

*Shikamoo mwandishi. Dada yangu aliyeolewa Ujerumani amenialika nijiunge na familia yake katika safari ya meli kwenye pwani ya Norwei. Nina miaka 28 na sina ugonjwa wowote. Nimeambiwa kwamba meli ikipata ajali mwenye meli hulipa, kwa hiyo naona bima ni gharama ya bure. Je, niko sahihi? Na kama meli itabadili ratiba, au mimi nikichelewa ikaniacha?*
— Kijana wa Ngamiani

Marahaba. Uko sahihi katika sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Upo Mkataba wa Athens wa mwaka 1974, uliofanyiwa marekebisho makubwa kwa itifaki ya mwaka 2002, ambayo ilianza kutumika Aprili 23, 2014. Kwa ajali ya meli yenyewe, yaani kuzama, kupinduka, kugongana, kupanda mwamba, moto, mlipuko au hitilafu ya chombo, mchukuzi huwajibika kwa kila abiria aliyekufa au kuumia hadi kiasi cha 250,000 katika kipimo cha fedha cha IMF kiitwacho SDR, ambacho ni zaidi ya dola 300,000, bila abiria kulazimika kuthibitisha uzembe, isipokuwa katika mazingira machache kama vita au tukio la asili lisiloweza kuzuilika. Juu ya hapo wajibu huweza kufika SDR 400,000, ila mchukuzi akithibitisha kwamba hakuwa na kosa. Mwenye meli analazimika kuwa na bima ya wajibu huo, na Umoja wa Ulaya umeyaingiza masharti haya katika sheria zake. Muda wa kufungua shauri ni miaka miwili.

Lakini hesabu wewe mwenyewe mambo yanayompata kijana safarini. Kidole tumbo kuuma usiku, jino, kuanguka akiwa matembezini nchi kavu, kuharisha. Hakuna hata moja lililo katika orodha hiyo ya ajali. Ukiteleza ndani ya chumba chako, ni wewe utakayepaswa kuonyesha kwamba mchukuzi alizembea. Afya yako njema inafanya ada yako iwe ndogo, na hiyo ni sababu ya kuikata.

Pwani ya Norwei ina mfano wake. Machi 23, 2019 meli ya kitalii Viking Sky, iliyokuwa na watu 1,373, ilipoteza nguvu za injini katika dhoruba karibu kabisa na miamba, na watu 479 walinyanyuliwa kwa helikopta mmoja mmoja kabla meli haijafika bandarini. Watu walioshushwa namna ile huacha mizigo yao ndani ya meli. Bima ya safari hugusa mambo ya aina hiyo, kama mizigo, tiketi ya kurudi na siku zilizopotea, pengine hata kabla suala la fidia ya mwenye meli halijaanza kujadiliwa.

Kuhusu ratiba, mkataba wa tiketi humpa nahodha uhuru mpana wa kuruka bandari au kubadilisha mpangilio kwa sababu ya hali ya hewa au usalama, na kwa kawaida fidia ya meli ni ndogo au haipo kabisa. Baadhi ya bima hulipa kiasi fulani kwa kila bandari iliyorukwa. Baadhi hulipa pia kwa kila siku ambayo abiria amefungiwa chumbani kwa amri ya daktari, jambo lililokuwa geni kwa wengi mpaka Februari 2020, meli ya Diamond Princess ilipowekwa karantini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, na 712 kati yao wakaambukizwa UVIKO-19. Soma kama maambukizi ya namna hiyo yamo katika mkataba wako au yametengwa.

Ukichelewa, meli itakuacha. Ukiwa umeshuka kwa matembezi yaliyoandaliwa na meli yenyewe, kwa kawaida husubiriwa au hupangiwa njia ya kuifuata. Ukiwa umejiendea mwenyewe, ni juu yako. Bima hulipia kuifuata meli bandari inayofuata ikiwa umecheleweshwa na jambo lililotajwa, kama gari la abiria kuharibika au ajali barabarani, na hailipii kukaa sana dukani. Dai karatasi ya polisi au ya mwenye gari siku ile ile. Na ushukapo, beba nakala ya pasipoti, kadi ya benki na dawa zako.

*Mwaka jana baba yangu alijiunga na marafiki zake katika safari ya meli ya kitalii iliyoanzia Dubai. Siku ya tatu alipata kiharusi, akashushwa na kulazwa. Tulichanga ukoo mzima kulipa hospitali. Kampuni ya bima imekataa kutulipa, ikisema baba hakutaja shinikizo la damu. Fomu aliijaza wakala ofisini kwake, baba akasaini tu. Tufanyeje?*
— Msomaji wa Makorora

Pole sana, ndugu yetu, na mpe mzee pole zetu. Hatutakuahidi ushindi, kwa kuwa sahihi ya mteja chini ya fomu ina uzito mkubwa katika sheria za bima, na kampuni itasema kwamba aliyesaini alikubali yaliyoandikwa. Lakini dai lenu halijafa, na kuna kazi ya kufanya kabla ya kukata tamaa.

Ombeni kwa barua nakala ya fomu ya maombi na nakala ya mkataba mzima, siyo cheti peke yake. Mtake pia kampuni iandike ni kifungu gani hasa ilichotumia kukataa, maana neno la mdomo la mhudumu wa dirishani halina mahali pa kulishika. Mkishaipata fomu, itazameni kwa makini: je, swali kuhusu shinikizo la damu lilikuwepo? Lilijibiwa, au liliachwa wazi? Mwandiko ni wa nani? Ikiwa wakala aliandika "hapana" bila kumuuliza mzee, hilo ni jambo la kuandikiwa maelezo ya kina, na mzee ayatoe mapema wakati bado anakumbuka. Kisha pateni ukweli wa kitabibu. Kama mzee aliwahi kuambiwa na daktari kwamba ana shinikizo na akapewa dawa, hoja ya kampuni ina nguvu. Kama hakuwahi kupimwa wala kuambiwa, hakuwa na cha kutaja, na kumbukumbu za hospitali zitasema hivyo.

Angalieni vilevile kama dai lina sehemu zisizohusiana na ugonjwa, kwa mfano mzigo uliopotea wakati wa kumshusha. Sehemu kama hizo zidaiwe peke yake, kwa barua yake.

Baada ya hapo pelekeni malalamiko rasmi kwa uongozi wa kampuni, mkibaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Jibu lisiporidhisha, nendeni TIRA, ambayo inasimamia kampuni, mawakala na madalali chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na ambayo mwenendo wa wakala anayejaza fomu kwa kukisia unaihusu moja kwa moja. Sheria hiyo hiyo imeweka ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo husikiliza migogoro kati ya mteja na kampuni bila ugumu wa mahakamani. Vielelezo mtakavyovihitaji ni ankara ya hospitali yenye mchanganuo, risiti, taarifa ya daktari wa meli inayoonyesha saa ya kuugua na ya kushushwa, na uthibitisho wa fedha mlizotuma. Mkiwa hamna taarifa ya daktari wa meli, iombeni sasa kwa kampuni ya meli kwa kutaja jina, tarehe na namba ya chumba.

Kwa wasomaji wengine walio katika hatua ya kununua: jaza fomu kwa mkono wako, au keti na wakala akusomee kila swali na uone anavyoandika jibu lako, kisha omba nakala siku ile ile.

*Mke wangu ana ujauzito wa wiki 19. Shemeji yangu aliye Muscat ametualika safari ya meli ya siku saba, mwezi ujao. Bima ipo na inataja ujauzito. Je, kuna tatizo?*
— Msomaji wa Raskazone

Tatizo linaweza kuanzia kwa meli kabla ya kufika kwenye bima. Kampuni nyingi za meli za kitalii hazimpokei mjamzito atakayekuwa ameingia wiki ya 24 wakati wowote kabla safari haijaisha, na hutaka barua ya daktari yenye tarehe inayotarajiwa ya kujifungua. Kwa hesabu yako, mkipanda baada ya wiki nne mkeo atakuwa na wiki 23, na siku saba za safari zitamfikisha 24. Akikataliwa gatini kwa kanuni iliyokuwa imetangazwa, bima hairudishi nauli.

Zaidi ya hapo, usiridhike na neno "ujauzito" kuonekana kwenye mkataba. Mikataba mingi hulipia matatizo ya dharura ya mimba hadi wiki fulani na huacha nje kujifungua kwenyewe pamoja na matunzo ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, ambayo ndiyo gharama kubwa, na zahanati ya meli haina vifaa vya kumtunza mtoto wa namna hiyo. Mwandikie shemeji leo aulize kampuni ya meli kama inaruhusu kusogeza safari mpaka baada ya mtoto kuzaliwa. Mkikubaliana hivyo, jueni kwamba kwa kawaida mtoto hapokelewi melini akiwa hajatimiza miezi 6, na kwa safari zenye siku nyingi mfululizo baharini hutakiwa awe na miezi 12. Naye atahitaji jina lake mwenyewe kwenye bima.

Barua za toleo lijalo zitumwe pamoja na nakala ya cheti na ya masharti, zikiwa zimefunikwa namba za pasipoti na za mkataba.